Kiti cha Tano ni cha Nani?

Jumatatu, tarehe 4 Desemba

Upepo wa kaskazini umeamka. Geneva nzima imejikunyata, hata ule mrusho mrefu wa maji wa ziwani, fahari ya mji, umezimwa. Nusura na mimi nizimwe.

Barua ya Mwenyekiti Hautamäki imefika saa tatu asubuhi. Mashirika matano ya afya, yote ya mji huu, yote yanayopambana na milipuko ya homa, yameagizwa kuacha kuvutana na kukaa meza moja. Mpango wa Pamoja! Shirika moja litapewa ukatibu wa meza hiyo. Matatu ni makubwa, hayana shida nao. Tunaougombea ni wawili: sisi, Baraza la Uratibu, watu wanne, na wale wa Mfuko wa Majokofu ya Chanjo, watu sitini na jengo lenye bustani ndani.

Ukija kwetu, tunaishi. Ukienda kwao, tunamezwa, na nafasi zetu nne zinahamishiwa Budapest ambako kodi ya pango ni nafuu. Barua imetaja Budapest mara tatu. Mara moja ingetosha.

Watu hawajui kazi yetu. Mwaka jana mashirika matatu yalipeleka glavu kwenye kisiwa kimoja, wala hakuna lililopeleka daktari. Nani aligundua? Mimi, Théodule Favrat, Mratibu Mkuu. Barua niliyoandika kuhusu jambo hilo bado inajadiliwa.

Nimewaita watu wangu. Ueli wa takwimu, mtu wa Bern, ambako watu ni wazito wa kusema, hakusema kitu, maana ilikuwa haijafika saa nne. Graziella wa mapokezi aliuliza kama Budapest kuna ziwa. Lakini Odile! Bi Odile Jaquemoud, katibu wangu wa miaka ishirini na sita. Kabakiza miwili astaafu. Mama yake ana miaka tisini na mmoja, yuko Carouge, na hali supu mpaka alishwe na Odile. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumtia mama kwenye sanduku la safari. Kisha akapenga kamasi. Nikamwambia aniachie mimi. Akajibu kwamba hilo ndilo linalomtia hofu.

Adui ni Annelies Verhaeghe, mkurugenzi wa Mfuko wa Majokofu, Mbelgiji. Mchana ametuletea bati la biskuti za mdalasini, eti za sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Mtakatifu Nikolasi ni keshokutwa! Kwa nini zimetangulia? Nimekula sita kwa ajili ya uchunguzi. Sijaona kitu. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Jumanne, tarehe 5 Desemba

Siku ya mkutano. Nilifika nusu saa kabla ya wote. Nikahamisha vibao vya majina. Changu nikakiweka kuume kwa Mwenyekiti. Cha Verhaeghe nikakipeleka nyuma ya nguzo.

Verhaeghe kaja, kaona nguzo, kashukuru. Kumbe huko ndiko kuliko na joto. Mimi nilikaa dirishani na upepo ukaniingia shingoni saa tatu nzima. Alijua! Lazima alijua kwamba nitahamisha vibao.

Saa mbili ziliishia kwenye neno moja. Je, ukatibu "utaongoza" au "utasaidia"? Ambalo halijakubaliwa linatiwa kwenye mabano. Kufikia saa sita mchana ukurasa mzima ulikuwa kwenye mabano, pamoja na tarehe.

Nikatoa hoja yangu. Niliitayarisha kwa siri tangu jana jioni. Kwamba ukatibu uwe mahali pasipozidi hatua mia mbili kutoka kituo cha tramu namba 15. Ofisi yetu iko hatua mia na tisini, nimezihesabu mwenyewe. Hoja safi, haimtaji mtu. Verhaeghe akauliza kutoka nyuma ya nguzo: "Hatua za nani, Bwana Favrat? Zako au za binadamu wa kawaida?" Watu wakaangua kicheko. Yule wa shirika la maabara alicheka mpaka akapaliwa. Jina lake nimeliandika.

Mwenyekiti Hautamäki ni Mfini, na Wafini hawapendi maneno. Muda wote huo hakutamka neno. Mwishowe akakusanya karatasi zake, akasema ataandika maandishi yeye mwenyewe na kuyaweka chini ya ukimya.

Hapa kwetu ukimya ni utaratibu. Maandishi yanatumwa kwa wote na saa inawekwa. Saa ikifika hakuna aliyetia neno, yamepita. Mmoja akitia neno, lolote lile, ukimya umevunjika na maandishi yamekufa. Niliwahi kuona makubaliano ya miaka minne yakifa kwa sababu bwana mmoja aliandika "asanteni kwa kazi nzuri".

Mfini kuomba ukimya! Anajipendelea.

Jumatano, tarehe 6 Desemba

Nilimvizia Hautamäki saa sita kwenye mkahawa wa jengo lake. Anakula minofu ya samaki wa ziwani kila Jumatano; hilo nililifahamu zamani. Nikaketi mbele yake bila kukaribishwa. Nikamweleza Baraza lilivyoanza, kisa cha glavu, mama yake Odile, ubaya wa nguzo. Saa nzima. Yeye alikula, akafuta mdomo, akasema: "Nimesikia." Akaondoka. Nikabaki na sahani yake.

Nilirudi ofisini nimekwisha. Nikaanza kuangalia ramani ya Budapest.

Saa tisa alasiri maandishi yakaingia. Nikayasoma nimesimama. Ibara ya saba: ukatibu wa Mpango wa Pamoja utakuwa wa Baraza la Uratibu, na utakaa Geneva.

Wetu! Nikapiga kelele. Ueli akatoka chumbani kwake na kusema "Haya." Kwa Ueli hiyo ni hotuba. Graziella akaenda kufungua chupa. Odile alishika mashine ya kuchapa kwa mikono miwili akalia. Sijawahi kumwona Odile akilia. Nilifurahi kiasi cha kuona haya, nikajifanya natafuta stepla.

Maandishi yako chini ya ukimya mpaka keshokutwa, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Odile akajifuta machozi, akanisogelea mpaka nikamwona vinyweleo vya kidevu. "Bwana Favrat. Nisikilize vizuri. Una kazi moja tu mpaka Ijumaa jioni. Nyamaza. Usiandike, usipige simu, usishukuru mtu. Ukiona una la kusema, kula biskuti."

Nimeahidi. Kuna kazi gani rahisi kuliko hiyo?

Nyumbani, Bi Gugelmann wa ghorofa ya tatu alinisimamisha ngazini. Anataka tubadilishane siku ya chumba cha kufulia cha jengo, ambacho kila mpangaji ana siku yake. Yangu Alhamisi, yake Jumanne. Eti ana wageni na mashuka. Nimekataa. Siku yangu ya kufua anaimezea mate tangu nihamie.

Alhamisi, tarehe 7 Desemba

Sikupumzika vizuri. Kuna kitu.

Asubuhi Verhaeghe amekuja kwetu, tukakutana kwenye lifti. Nilijiandaa kwa sura ya mtu aliyeshindwa. Nilitegemea uso wa siki. Badala yake akanipa mkono, akasema hongera, mmestahili. Mkono wa moto, macho makavu, tabasamu mpaka kwenye masikio. Huyu ni mwanamke aliyegombana nami miezi saba juu ya nani atangulie kutia sahihi kwenye kadi ya rambirambi. Leo nimechukua mfupa mdomoni mwake, naye ananiambia hongera!

Nikawauliza wengine kwa mzunguko. Je, Mfuko wa Majokofu umetia neno? Hapana. Watatia? Hakuna anayejua. Wamekaa kimya. Na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Saa sita tulivunja chungu chetu cha Escalade, sikukuu ya mji ya kukumbuka usiku maadui walipopanda kuta wakashindwa, na Mfuko wa Majokofu wakaja kama kila mwaka. Chungu cha chokoleti kama kichwa cha ng'ombe, kimejaa mboga za peremende ya lozi. Desturi ni mkubwa na mdogo wa nyumba washikane mikono wakipige. Mdogo ni Graziella, ana miaka arobaini na mmoja. Ofisi yetu haijaajiri mtu tangu simu za waya. Mkubwa ni Odile, kanizidi miaka sita mizima, lakini akanisukuma mbele na kutangaza kwamba leo wanawake hawahesabiwi umri. Tukasema kwa sauti hivi ndivyo walivyoangamia maadui wa Jamhuri, tukapiga. Hakikuvunjika. Tukapiga tena. Mkono wangu ndio uliovimba. Verhaeghe akakisogelea, akakigonga kwa kiwiko tu, kikafunguka.

Halafu akachagua karoti ya lozi, kubwa kuliko zote, akanipa mimi. Akasema kwa sauti ya chini: "Nitaikumbuka sana siku hii." Ataikumbuka! Mtu hukumbuka kitu kinachokwisha. Ni nini kinachokwisha? Sisi!

Karoti nimeifunga kwenye bahasha na kuiandika tarehe.

Alasiri nikajitia narudisha bati la biskuti. Nikaenda kwenye jengo lao, nikapanda ghorofa ya pili. Korido imejaa maboksi, na kila boksi limeandikwa A. Verhaeghe. Nikamuuliza bawabu, kwa namna ya mtu asiyejali, kulikoni. Akasema, "Bi mkuu anahama." Kisha akaufyata, kama aliyekumbuka kwamba hakutakiwa kusema.

Anahama! Anahamia wapi?

Nilisahau kabisa kufua. Bi Gugelmann alikuwa ameingia chumba cha kufulia na mashuka yake. Nilijua.

Ijumaa, tarehe 8 Desemba

Nimegundua!

Nilikuwa nayasoma maandishi kwa mara ya kumi na moja. Ibara zote safi. Lakini mwizi haingii kwa mlango wa mbele. Nikaenda kwenye viambatisho, ambako hakuna binadamu anayefika. Kiambatisho cha Pili: samani za ukatibu. Meza moja ndefu. Kabati moja. Viti vitano.

Vitano!

Sisi ni wanne. Mimi, Odile, Ueli, Graziella. Nimetuhesabu mara mbili, mara ya pili nikiwagusa. Kiti cha tano ni cha nani?

Yote yakakaa mahali pake. Maboksi. Mkono wa moto. Karoti. Verhaeghe hapigani kwa sababu hajashindwa. Anahamia kwetu! Ibara ya saba ni mlango, na mimi ndiye niliyekuwa nashangilia kufunguliwa kwake. Ataanza na kiti cha tano, pembeni, kwa adabu. Kufika Pasaka atakuwa kwenye changu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenzangu ananiletea na biskuti.

Nilimweleza Odile. Akasema kiti ni kiti. Nikamwonyesha kwa kalamu. Akasema hata kama ni kiti cha shetani, nikiache mpaka saa kumi na mbili, kesho tutamfukuza shetani kwa utulivu. Nikasema kesho ni kuchelewa. Hapo Odile alibadilika sura. Akachukua simu yangu akaitia mkobani. Akachomoa waya wa kompyuta yangu, akauzungusha mkononi, nao ukaingia mkobani. Akataka niape kwamba sitapinga. "Sema, Bwana Favrat. Nataka nikusikie." Nikaapa kwa jina la mama yangu. Saa kumi alasiri akaenda Carouge kulisha supu, na mlangoni aligeuka mara mbili kuniangalia.

Mimi ni mtu wa neno langu. Niliapa sitapinga. Lakini swali si pingamizi! Mtu anayeuliza njia hajakataa safari. Nikachukua karatasi na kalamu ya wino. Kichwa cha habari: "Swali dogo la ufafanuzi, ambalo kwa namna yoyote ile si pingamizi." Mstari mmoja tu. Baraza la Uratibu linaomba kujua kiti cha tano ni cha nani.

Nikatoka na barua. Upepo ulinipiga makofi njia nzima. Kofia ikaruka, ikatua kwenye reli, tramu namba 15 ikaipitia. Sikurudi nyuma. Nikafika kwa Hautamäki saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili.

Mlinzi wa mapokezi alikuwa anavaa koti. Akasema Mwenyekiti ameshaondoka, niiache barua kwenye trei, itaonekana Jumatatu. Aa! Janja ya nyani. Nikamwambia barua hii ipokewe sasa hivi na ipigwe muhuri wenye saa. Akasema muhuri hauna wino. Nikautia wino mimi mwenyewe. Akauliza nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika kama leo. Akapiga. Nikadai nakala.

Nimekula viazi na jibini la kuyeyushwa, sahani mbili, na kachumbari ya matango. Nakala ya muhuri iko mbele yangu mezani. Saa inasomeka vizuri sana.

Jumatatu, tarehe 11 Desemba

Tangazo la Hautamäki lina mistari miwili. Ukimya umevunjwa na Baraza la Uratibu, Ijumaa, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni. Maandishi yameanguka.

Ameambatisha nakala ya muhuri.

Simu ya kwanza ilikuwa ya yule wa maabara. Akaniuliza kama ni mzima. Akasema amekaa mji huu miaka ishirini, ameona mashirika yakivunja ukimya kwa kunyimwa, lakini hajaona shirika likivunja ukimya uliokuwa ukiliachia kila kitu. "Umejinyang'anya mwenyewe, mzee! Nimewasimulia wenzangu, hawaniamini." Nikakata simu. Akapiga tena kuniambia kwamba nimekata.

Saa nne akaja Verhaeghe mwenyewe. Hakuketi. Aliongea taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Kwamba alijiuzulu wiki mbili zilizopita, na watu wake aliwaomba wasiseme mpaka sikukuu. Anarudi kwao Ghent kwa wajukuu. Maboksi ni ya vitabu na vyungu vya maua. Kwamba ni yeye aliyemwomba Hautamäki ukatibu uje kwetu, kwa sababu kwa miaka kumi na moja barua zake zote kwa mashirika ya mji huu zilijibiwa na mtu mmoja tu, Odile.

Nikauliza habari ya kiti cha tano. Nilikuwa bado na tumaini.

"Cha mgeni, Bwana Favrat. Mgeni akija utamkalisha wapi? Mapajani?"

Odile hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitoa ule waya wa kompyuta mkobani, akauweka mezani kwangu, umezungushwa vizuri. Kisha nikamsikia akimuuliza Graziella ni mwendo wa saa ngapi kwa treni mpaka Budapest. Graziella akasema kumi na tatu na kitu. Odile akasema basi Ijumaa jioni aje, Jumapili asubuhi arudi. Katikati ya wiki mama atalishwa na nani? Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nimemfanyia ubaya mtu ambaye hajanikosea hata siku moja, na nimemfanyia kwa bidii, kwa miguu, kwenye upepo. Ndivyo ilivyo, na sina pa kuisema ila hapa.

Nikaenda kwa Hautamäki. Sikupanga hila yoyote. Nikasimama mbele ya meza yake, nikasema kosa ni langu peke yangu na mama wa Odile hana kosa. Akatazama dirishani. Kwa saa ya ukutani ilikuwa dakika saba. Hatimaye akasema: "Jumatano. Saa sita mchana." Akarudi kwenye karatasi zake.

Ukimya wa pili! Nilirudi nikikimbia. Odile akaketi chini, pale pale, juu ya boksi la karatasi.

Jumanne, tarehe 12 Desemba

Mji unapiga ngoma za Escalade. Mimi nimenyamaza. Tangu asubuhi nimesema "ndiyo" mbili na "asante" moja, na asante nilimwambia mwuza mkate.

Maandishi mapya yamekuja. Yale yale, neno kwa neno. Ukatibu kwetu, Geneva. Odile amechukua simu, waya, kalamu zangu zote, muhuri wa ofisi, na viatu vyangu vya theluji. Verhaeghe ameacha boksi la kwaheri la biskuti. Nimekula mbili tu, bila uchunguzi. Nimebadilika.

Nimepitia viambatisho kwa kujifurahisha.

Samani za ukatibu: meza moja ndefu, kabati moja, viti vinne.

Vinne?

Odile anasema wameondoa kimoja ili niridhike. Ameomba kwa Mungu nisiseme kitu. Sisemi. Ninawaza tu. Wiki iliyopita kiti kilikuwepo. Wiki hii hakipo. Kiti hakifi. Kama kimetoka kwetu, kimekwenda kwa mtu. Nani huyo anayeongezewa kiti? Na mgeni akija, atakaa wapi? Verhaeghe mwenyewe amenieleza umuhimu wa mgeni! Halafu, kwa nini Mfini anipe nafasi ya pili bila kutaka chochote? Hapa Geneva hata kubadilishana siku ya kufua kuna gharama yake.

Ipo penseli moja ambayo Odile hakuiona.

Jumatano, tarehe 13 Desemba

Ya leo lazima yaandikwe yote.

Kufikia saa tano kasorobo nilikuwa na barua ndogo, kwa penseli, ndani ya soksi. Swali dogo tu la ufafanuzi. Nilikuwa bado sijaamua kuipeleka. Nilikuwa nimevaa koti kwa sababu ya baridi.

Saa tano kamili Odile akaniomba, kwa upole wa kushangaza, nimletee jalada la glavu kutoka chumba cha kumbukumbu kule chini. Akasema ni mimi tu ninayejua lilipo. Kweli, ni mimi tu. Nikashuka. Nikaingia. Mlango ukajifunga nyuma yangu: tak!

Mlango ule una kitasa upande wa nje peke yake. Nikagonga. Nikaita Graziella, Ueli, Mwenyekiti, polisi. Hakuna. Saa nzima nimekaa juu ya maboksi ya ripoti zangu mwenyewe, mpango wa dunia ukipita juu ya kichwa changu, nami nina swali kwenye soksi! Nilisoma jalada la glavu kutoka mwanzo. Limeandikwa vizuri.

Kengele za saa sita zikalia. Dakika mbili baadaye mlango ukafunguka. Odile mbele, Graziella na Ueli nyuma yake. Hakuna aliyetia neno. Ukimya haukuvunjwa. Yamepita!

Odile akanibusu mara tatu huku analia. Akampigia mama simu hapo hapo kwenye ngazi, akapaza sauti kwa kuwa mama hasikii vizuri: "Hatuendi popote, mama! Nakuja leo kama kawaida!" Machozi yalinitoka na mimi, sitakana. Hata Ueli alitazama kando. Odile ameomba radhi kwa mlango. Anasema ni bawaba mbovu. Nimeandika bawaba zikaguliwe, maana kwa miaka kumi na tisa hazijawahi kuleta shida.

Tukikumbuka vizuri, ushindi huu ni wangu. Nisingeuliza Ijumaa, tusingepata ukimya wa pili. Na bila wa pili, ushindi usingekuwa leo. Nimewaeleza watu wangu. Graziella aliomba nirudie, kisha akaomba nisirudie.

Saa sita na nusu Hautamäki akaandika. Kazi ya kwanza ya ukatibu mpya: tutunge kanuni za meza ya pamoja. Sisi! Nikafunga mlango, nikachukua penseli, na kwa nusu saa nikawa nimemaliza Kanuni ya Kwanza. Naiweka hapa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

"Kwa kuwa ukimya unaweza kutumiwa vibaya na watu wenye nia fiche, kila shirika litathibitisha kwa maandishi, kabla ya saa iliyowekwa, kwamba limenyamaza. Uthibitisho usio na muhuri hautahesabiwa. Shirika litakalonyamaza bila kuthibitisha litatakiwa kueleza sababu."

Hakuna atakayejificha tena.

Nilimpa Odile aichape. Akaisoma. Akaisoma tena. Akavaa koti lake, akachukua mkoba, akatoka bila kusema neno. Ilikuwa saa saba na dakika kumi, nimeiandika. Mtu aliyepata alichokitaka huongea. Yeye kanyamaza, tena leo hii, siku ya furaha. Kuanzia kesho nitamwangalia Odile kwa karibu.